Mtumbwi Katika Mto wa Mchanga

Kuna watu humshukuru Mungu kwa mvua, wengine kwa mtoto, wengine kwa kazi ya kudumu. Mimi, mwenzangu, pamoja na hayo yote, namshukuru kwa uzi mweusi uliomwishia baba yangu mwaka ambao hata sijazaliwa. Usinicheke kwanza. Ngoja nikusimulie Jumapili ile, halafu ucheke vizuri.

Jumapili hiyo nilitakiwa kutoa jibu. Barua ya posa ilikuwa imeletwa wiki tano nyuma kutoka Kongwa, imefungwa kwenye kitambaa cheupe kama ilivyo desturi. Aliyeipokea ni shangazi yangu Sikuzani, maana mama yangu alitangulia mbele za haki nikiwa darasa la sita. Shangazi alisema atakuja baada ya Laasiri aniulize, kisha ampigie simu mshenga.

"Na ujue mapema," aliniambia, "mwanamwali haropoki ndiyo. Akiulizwa akanyamaza, kimya chake ndiyo ridhaa. Ukiwa hutaki, hapo sasa ndipo useme."

Baba alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. "Sikuzani, mtoto huyu anyamaze? Huyu alizaliwa anaongea. Atakosa mume kwa hilo tu."

Baba yangu ni fundi Abdulswamadu, na ukifika Majengo, hapa Dodoma, ukiuliza barazani kwa fundi, utaletwa mpaka mlangoni. Anashona sare za shule, lakini kazi anayoipenda ni kurekebisha: nguo za mitumba anazifumua, anazikata, anazishona upya mpaka zimkae mtu. Mimi siku za kazi niko masjala ya serikali huko Mtumba, nabeba majalada. Jumapili nakaa barazani na wembe, nafumua. Nimefumua tangu sijajua kusoma.

Barua yenyewe ilikuwa ya Swedi, mwalimu wa historia Kongwa. Baba alikuwa na mambo mawili juu yake. La kwanza, dadu. La pili alilisema taratibu, kila akimaliza kula: "Kijana mzuri, salamu anazo. Lakini baba yake amekufa, kwao hatukujui. Unampa mtu mtoto wako kwa kumjulia wapi?"

Hilo la dadu nikueleze, maana hata wewe unaweza kutudhania vibaya. Sisi hatuchezi kamari. Tuna mchezo wetu wa visa, kila Jumamosi alasiri, chumba cha nyuma cha duka la vitambaa la kina Shazia, mwenzetu mmoja, huko Uhindini. Mmoja wetu ni msimulizi. Anatuambia tuko wapi na tumekutana na nini: mji, msitu, jini lenye njaa. Wengine kila mmoja ana mtu wake aliyembuni, na ndiye anayesema mtu wake anafanya nini. Pasipojulikana kama atafaulu, tunatupa dadu. Basi. Mama yake Shazia, Bi Fatmabai, anatuletea chai na kachori, anasikiliza mlangoni, halafu anajifanya hajasikia.

Msimulizi wetu alikuwa Swedi, miaka miwili mfululizo, na visa vyote alivitunga mwenyewe. Wapo wanaonunua visa vilivyokwisha kuandikwa na wengine huko nje, wakavisimulia. Yeye hakutaka hata kuvisikia. "Kisa cha kununua ni cha mtu mwingine," alikuwa akisema. "Wewe unakibebea tu."

Kisa chake cha kwanza ndicho kilichoniangusha. Msafiri mmoja alikufa akaacha joho kuukuu, na watu wote wakaligombania kwa vifungo vyake. Hakuna aliyejua kwamba ndani ya kwapa limeshonwa kwa uzi wa kijani, na uzi huo ukiufuata unakuonyesha njia ya kurudi nyumbani. Rafiki yangu Penina aliuliza kwa nini kwapani. Swedi akatabasamu. "Kwa sababu hakuna anayeangalia kwapani," akasema. Akaniangalia mimi. Mimi mtoto wa fundi, niliyeangalia kwapa za watu maisha yangu yote. Nikajua nimekwisha.

Sasa kugombana kwetu.

Mwezi wa nane mama yake Swedi alilazwa Mvumi. Kila Ijumaa alitoka shuleni akaenda kumuuguza, Jumamosi akaja kwetu macho yamemwiva, akasimulia. Siku moja aliniambia kwenye simu, "Rukaya, kichwa changu kimekauka. Nikikaa nitunge, naona dripu tu." Wiki iliyofuata nikamwambia asitunge. Nitasimulia mimi, yeye aje akae kama mchezaji. Hakuwahi kucheza hata siku moja. Miaka miwili yeye ndiye aliyetubeba.

Sina kipaji cha kutunga, usinilazimishe. Nikanunua kisa mtandaoni, cha nchi za baridi, nikakifumua kama nifumuavyo nguo. Ngome ya mawe nikaifanya tembe refu la udongo. Mbwa mwitu wakawa fisi. Mfalme mwenye kichaa nikamfanya mkubwa wa soko la chumvi. Theluji nikaitoa nikaweka ukame wa mwezi wa kumi, ghala tupu, watu wanaangalia juu. Lakini kulikuwa na kipande nilichokipenda, sikukigusa: mto, na mzee mvushaji mwenye mtumbwi. Huyo hachukui pesa. Nauli yake ni kweli tatu. Ukimwambia kweli tatu, unakaa, anakuvusha, wewe huna kazi. Nilikinunua kisa kizima kwa ajili ya mzee huyo. Nilitaka Swedi naye avushwe.

Jumamosi ikafika. Nikasimulia, na dakika arobaini mambo yalikwenda vizuri kiasi cha Bi Fatmabai kusahau kujificha. Tukafika mtoni.

"Mbele yenu mto mpana," nikasema. "Hamna njia ila mumtafute mwenye mtumbwi."

Penina akainua mkono. Yeye kwao ni Mvumi, Mgogo wa kuzaliwa. "Rukaya, samahani. Huu ni mwezi wa kumi, si ndiyo?"

"Ndiyo, wa kumi."

"Mvua bado?"

"Bado kabisa. Si ndiyo sababu ya njaa?"

"Sasa mtumbwi wa nini? Mwezi wa kumi mto si mchanga? Kwetu tunavuka kwa miguu, na ng'ombe nyuma."

Jamani. Walicheka, Shazia akapaliwa na chai. Mimi mwenyewe nilicheka. Mtoto wa Dodoma, nimezaliwa naona mito ya mchanga, nimejaza maji mwezi wa kumi. Nilikuwa natafuta namna ya kujinasua, na ningejinasua, kama Swedi asingefungua mdomo.

"Hiki kisa si chako," akasema. Hakuwa anacheka. "Umekinunua."

"Nimekinunua. Sijakiiba."

"Nilijua tangu mwanzo. Aliyetunga mwenyewe hasahau mto wake. Bora mtu asisimulie kabisa, Rukaya, kuliko kusimulia cha wenyewe."

Nikakusanya dadu moja moja, nikatia kwenye mkoba. "Haya, Mwalimu," nikasema. Jina lake sikulitaja, na alielewa. Nikaondoka, kachori yangu ikabaki kwenye sahani.

Wiki tatu. Alipiga simu, sikupokea. Usiku nililia, mchana nilijifanya nina mafua. Na ile barua ikawa kabatini kwa shangazi, inangoja. Niliapa Jumapili ikifika nitasema hapana, nitaisema kwa sauti, majirani wasikie.

Jumapili yenyewe saa saba mchana, upepo umepiga vumbi barazani, naona mtu anavuka barabara ameshika mfuko mtupu. Swedi. Amekonda. Moyo wangu, ambao nilishaugombeza vya kutosha, ukaruka kama haukunisikia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu, vuta hilo stuli."

"Hujambo, Rukaya."

"Sijambo."

Akabaki amesimama. "Mzee, nimekuja kuchukua lile koti langu. Nilichukue tu kama lilivyo."

Koti hilo lilikuwa la marehemu baba yake. Aliliacha kwetu kabla hatujagombana, lipunguzwe, alivae siku ya nikaha. Lilikuwa limening'inia ukutani wiki zote hizo. Nilielewa maana ya "kama lilivyo". Ametukatia tamaa. Mtu niliyepanga kumkataa alikuja kunikataa kwanza, na wala sikufurahi.

Baba alimtazama juu ya miwani. "Kama lilivyo? Kazi ikishaingia kwenye baraza hili haitoki haijafanywa. Nimelala njaa lakini hilo sijalifanya. Kaa chini. Rukaya, lishushe, anza kufumua mikono na kwapa."

"Mzee, si lazima."

"Nimesema kaa."

Akakaa. Nikalishusha koti, nikavuta mkeka, nikashika wembe. Baba akarudi kwenye cherehani, akakanyaga. Kwa hiyo tulikuwa watatu, na cherehani ikilia katikati yetu.

"Sikuja kugombana," Swedi akasema taratibu.

"Wala mimi."

"Simu zangu hukupokea."

"Nilikuwa kazini."

"Wiki tatu?"

"Mtumba ni mbali."

Nikamwona anajizuia kucheka. Mimi sikucheka. "Mama anaendeleaje?" nikauliza.

"Walimruhusu Alhamisi. Yuko nyumbani, anakula mwenyewe. Amekuuliza mara tatu. Sikujua nimjibu nini."

"Alhamdulillahi," nikasema, na hilo nililisema kwa moyo wote. Mama yule alinipenda kabla hajaniona. Alinitumia zabibu na ujumbe kwamba nimsimamie mwanawe ale.

"Rukaya, nilisema vibaya siku ile."

"Ulisema unachoamini."

"Nilikuwa nimechoka."

"Nilijua umechoka. Kwani unafikiri kisa kile nilikitafuta kwa ajili ya nani? Mwaka wa pili huu unatubeba. Kila Jumamosi unatuuliza sisi tunataka kwenda wapi. Wewe nani alikuuliza? Nikasema leo akae, avushwe. Basi nikasahau mto. Wewe ukanivua nguo mbele za watu."

Cherehani ikasimama. Tukatazama. Baba alikuwa anaikagua sindano kwa makini sana, sindano isiyokuwa na kosa. Akaendelea kukanyaga.

Swedi akainama. Aliponyanyua uso macho yalikuwa na maji.

"Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu," akasema. "Mimi nimelelewa na vitu vya watu. Kila nguo niliyovaa ilivaliwa na mwingine kwanza. Vitabu vyangu vya shule vilikuwa na majina ya watoto wengine, nayafuta kwa mate. Hata kitanda. Visa ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakuna aliyekigusa kabla yangu. Ndiyo maana nikisikia kisa cha kununua, naona kama narudishwa kule. Si haki, najua. Lakini ndivyo nilivyo."

Nilitaka kumwambia nimekusamehe palepale. Yeye alikuwa hajamaliza.

"Na hili koti," akasema, akaligusa pindo, "ndilo kitu kipya pekee katika nyumba yetu. Baba alishonewa hilo kwa harusi yake. Alilivaa Idi hadi Idi. Mama akililaza kitandani, sisi tunanyamaza kama kaingia mgeni."

Hapo mikono yangu ilikuwa imefika begani, na mikono ya mtoto wa fundi inaona kabla ya macho. Chini ya mshono kulikuwa na mstari mwingine wa matundu madogo, ya mshono wa zamani, vidole vitatu nje zaidi. Nikageuza ubavuni, vivyo hivyo. Mgongoni, vivyo hivyo. Koti hili halikushonwa kwa ajili ya baba yake. Lilikuwa la mtu mwingine, mnene, likapunguzwa.

Nikaacha kufumua. Nifanyeje? Nimwambie? Kitu kipya pekee katika nyumba yao. Wiki tatu nilitamani nipate la kumwumiza, na Mungu akaniwekea mkononi. Nikaona silitaki. Kama si mapenzi hayo, sijui ni nini.

Nikakunja kitambaa kufunika yale matundu, nikahamia kwapani haraka. Nikaingiza wembe, nikavuta uzi.

Ukatoka wa kijani.

Nilidhani vumbi limeniingia machoni. Nikavuta tena. Kijani, kama jani la mchicha, kwapa lote la kushoto. La kulia lilikuwa la uzi mweusi kama koti lenyewe.

"Swedi," nikasema. "Joho la msafiri. Uzi wa kijani. Ulitunga kutoka wapi?"

Alitazama mkononi mwangu, akashangaa nilivyoshangaa. "Ni hapo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa naingia chini ya koti la baba likiwa ukutani, nauangalia. Nilimuuliza kwa nini ni wa kijani. Akaniambia ni siri, kwa sababu hakuna anayeangalia kwapani."

Cherehani ilikuwa imesimama zamani. Baba alikuwa amesimama pia. Alikuja pole pole, akanipokonya koti, akaligeuza nje ndani, akapeleka kwapa karibu na miwani.

"Baba yako alikuwa akifanya kazi gani?" akauliza.

"Josho, mzee. Kwenye ranchi. Alikuwa anaogesha ng'ombe."

"Mrefu, ana mwanya?"

"Ndiyo."

"Aliniomba radhi," baba akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Alikaa hapo ulipokaa, akaniomba radhi kwa harufu ya dawa ya ng'ombe. Mwaka wa themanini na nane. Nimenunua cherehani yangu ya kwanza hata miezi miwili haijafika."

Swedi alisimama. "Mzee?"

"Hili lilikuwa koti la mtumba. La mtu mnene, sijui wa nchi gani. Alilipata mnadani, akaja nalo limekunjwa kwenye gazeti, kesho yake jioni anaoa. Nililifumua lote. Usiku kucha na asubuhi. Nimebakiza kwapa moja, uzi mweusi ukaniishia. Jumapili, maduka yote yamefungwa, basi la Kongwa ni saa nane. Nina kijani tu, wa sare za shule. Nilitaka kulia, kijana. Nilikuwa fundi mchanga, mteja wangu wa kwanza wa harusi. Nikamwambia, ndugu yangu, nisamehe, ila hakuna anayeangalia kwapani."

Mimi nilimtazama Swedi. Nilikuwa naogopa uso wake. Ulikuwa umepauka.

"Kwa hiyo halikuwa jipya," akasema.

"Ngoja nikwambie alichosema baba yako." Baba akamshika bega. "Alilivaa hapa barazani, akajitazama kwenye kile kioo changu kilichopasuka. Akageuka mbele, akageuka nyuma. Akasema, 'Fundi, hili sasa ni langu. Hata mwenyewe akija hatalijua.' Akaondoka anacheka. Baada ya mwezi alinitumia chupa ya samli kwa konda wa basi, na salamu kwamba kwapa limeshika. Mwaka ule nilikuwa nimefikiria kuacha ufundi. Sikuacha."

Swedi alilichukua koti mikononi mwa baba. Akauweka uso wake ndani ya kwapa lile lililofumuliwa nusu, na mabega yakatikisika. Nilijua si uchungu tu. Alipotoka mle alikuwa analia na kucheka pamoja.

"Hakuwahi kuniambia," akasema. "Na mimi kisa changu cha kwanza, nikasema nimekitunga peke yangu. Kumbe nimekichukua kwapani kwa baba, na baba kakichukua kwako, mzee."

"Mimi nilikichukua kwenye shida," baba akasema. "Baba yako asante yake alishaitoa. Sasa natoa yangu." Akakohoa, akarudi kukaa. Kisha akasema, kama anaongea na cherehani, "Ati kwao hatukujui. Kumbe nimempima baba yake kifua."

Swedi akachuchumaa mbele ya mkeka wangu. Karibu, lakini si karibu mno, barazani ni barazani.

"Rukaya. Kisa chako, hata mwenyewe akija hatakijua."

"Ila mtumbwi," nikasema.

"Ila mtumbwi." Akapangusa macho. "Umeutoa?"

"Nani, mimi? Uko palepale. Umefukiwa mchangani tangu mvua ya mwaka jana, unaonekana ukingo tu. Nimeufikiria wiki tatu, nimekwambia nilikuwa na kazi."

"Na mzee mvushaji?"

"Amekaa ndani yake. Watu wanapita kwa miguu wanamcheka, yeye anangoja maji. Nauli yake haijabadilika."

"Kweli tatu."

"Kweli tatu."

"Haya, nilipe sasa hivi. Ya kwanza, nilikosea, na nitasema hivyo mbele ya kina Shazia, maana mbele yao ndipo nilipokuumiza. Ya pili, nilikuonea wivu. Ulikuwa unasimulia vizuri, nikaona hamnihitaji tena." Akasita. "Ya tatu siwezi kuisema, mzee anasikia."

"Mzee hasikii," baba akasema kutoka kule.

Na hapo, nakuapia, baba yangu akaanza kukanyaga cherehani kwa nguvu zote, trr trr trr, baraza zima likatetemeka, na chini ya sindano hakukuwa na kitambaa. Ndani ya makelele hayo Swedi aliniinamia.

"Nakupenda, Rukaya. Nakupenda na kisa chako na mto wako uliojaza maji kiangazi. Sikuja kuchukua koti. Nilikuja kuona kama utanizuia."

Nilitunga uzi kwenye sindano. Mweusi tulikuwa nao, tele, bobini nzima. Nikauacha. Nikachukua wa kijani kwenye kopo la sare, na Swedi akaona ninachofanya. Akarudi kwenye stuli, akapitisha kiganja usoni.

Baba akapunguza mwendo. "Mwalimu, hayo madadu yenu. Mnawekeana pesa?"

"Hata senti, mzee."

"Sasa mnashinda nini?"

"Hatushindi, mzee. Tunafika tu."

Baba akatafakari hilo. "Jumamosi nitapita kuangalia," akasema. "Kuangalia tu."

Laasiri ilipokwisha shangazi Sikuzani akaingia na mtandio wake mpya na simu mkononi, tayari. Kumkuta mwenyewe mposaji amekaa barazani akashtuka, maana si adabu mtu kuwepo jibu lake likitolewa.

"Huyu anafanya nini hapa?"

"Ni mteja," baba akasema. "Anangoja koti. Wewe uliza."

Shangazi akanishika mkono, akaketi. "Rukaya binti Abdulswamadu. Imekuja posa ya Swedi kutoka Kongwa. Nakuuliza mbele ya baba yako. Unasemaje?"

Nilikuwa na mengi, mwenzangu. Nilikuwa na shukrani za kumaliza jioni nzima: kwa Penina na swali lake, kwa mama aliyepona, kwa marehemu mwenye mwanya aliyetuma samli, kwa basi la saa nane na maduka yaliyofungwa. Yote yalinijaa mdomoni. Niliinama kwenye kwapa la koti nikapiga mshono mmoja, nikapiga wa pili.

Shangazi akangoja. Akamtazama baba. "Mbona hasemi? Anaumwa?"

Baba alivua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanzu, na ilimchukua muda.

"Mpigie mshenga, Sikuzani," akasema. "Mtoto amenyamaza."